Mkate wa Soda wa Ayalandi na Historia Iliyomo katika Majina

Waelezao mapishi ya mashamba ya Ayalandi huutanguliza mkate wa soda, wakiuita chakula cha asili. Neno hilo lahitaji hadhari. Soda ya kuumulia unga ilienea nchini humo katika karne ya 19 tu, kuanzia miaka ya 1830. Zamani zaidi wanavijiji walikula uji na mikate bapa ya oti, pamoja na maziwa, jibini na siagi, ambavyo lugha ya Kiayalandi huvikusanya katika jina moja, bánbhia, yaani «chakula cheupe».

Mbona basi mgeni huyo akawa mwenyeji upesi? Sababu imo katika ngano. Mvua nyingi na jua haba huzaa ngano laini, isiyofaa sana kwa mkate wa hamira. Soda haidai ngano ngumu. Ikikutana na asidi ya mtindi uliobaki baada ya kusukwa siagi, hutoa hewa ya ukaa papo hapo. Kwa hiyo mpishi hukanda kidogo tu, hukata alama ya msalaba juu ya donge, na kulitia motoni kabla hewa haijapotea. Tanuri halikuhitajika: chungu cha chuma kiliwekwa kwenye moto wa mboji iliyokaushwa, na makaa yakapangwa juu ya mfuniko.

Maskini kabisa hawakuwa na mkate. Waliishi kwa viazi. Ugonjwa wa viazi ulipozuka mwaka 1845, ilifuata njaa iliyoua takriban watu milioni moja, na wengine kiasi hicho wakahama. Mahindi yalipoletwa kutoka Marekani, unga wake uliitwa min bhuí, «unga wa manjano», na kwa miaka mingi jina hilo lilinukia njaa. (Neno letu mahindi hutuelekeza Uhindi, ingawa nafaka yenyewe, inayotupatia bukari, ilitoka Amerika.)

Wengi wa waliokufa na waliohama walikuwa wasemaji wa Kiayalandi, na lugha ikadhoofika pamoja nao. Tazama bairín breac, «mkate wenye madoa», wa zabibu kavu, uliwao mkesha wa Novemba mosi: humo hufichwa pete, naye aipataye husemwa ataoa au ataolewa karibuni. Wasemaji wa Kiingereza wameugeuza kuwa barmbrack, wakidhani wasikia barm, povu la pombe litumikalo kama hamira.