Je, Wajua? Kila Mbasha na Mti Wake

Je, wajua kwamba katika kijiji cha Basha, wilayani Congjiang, mkoa wa Guizhou kusini-magharibi mwa China, mtoto akizaliwa hupandiwa mti wake? Wanakijiji hawa, ambao ni wa kabila la Wamiao, huamini kuwa roho za mababu zimo mitini. Mtu akifa, mti wake hukatwa ukachongwa jeneza, na juu ya kaburi lisilo na jiwe wala jina hupandwa mche mwingine. Hata kishungi cha nywele ambacho wanaume hubakiza utosini, baada ya kunyolewa pembeni kwa mundu, husemwa ni mfano wa mti.

Mti mtakatifu hukatwaje, basi? Nionavyo, kinachokatazwa Basha si shoka bali tamaa: anayekufa huchukua mti mmoja na kurudisha mmoja, hivyo msitu haupungui. Ndiyo maana mwaka 1976, mti mkubwa wa kafuri ulipotolewa kwa ujenzi wa jumba la kumbukumbu la Mao Zedong huko Beijing, banda la ukumbusho lilijengwa pale ulipokuwa, kana kwamba ameondoka mzee wa ukoo. Wapo watakaosema yote haya ni maonyesho ya watalii, kwa kuwa wanaume hufyatua magobori kupokea wageni. Magobori, sawa, yamekuwa tamasha (na wageni huyapenda mno). Lakini mti aliopandiwa mtoto husubiri miaka sitini au sabini kabla ya kutumika, na hakuna mtalii wa kuungoja muda huo.