Sindano ninayovuka nayo Rusumo

WAFANYABIASHARA wa mchele na mahindi wanaopita Rusumo hubeba karibu vitu vilevile: hati ya kusafiria, fedha za nchi mbili, simu yenye laini mbili na kitenge cha kujifunika usiku. Mimi naongeza maboksi mawili madogo, kila moja na bomba la sindano lililokwisha kujazwa dawa. Nimekuwa nayo tangu niliporudi Kigali kutoka Brussels mwaka 2016. Bila hayo nisingethubutu kulala Kahama hata usiku mmoja.

Ugonjwa wangu ni uvimbe wa kurithi, ambao madaktari huuita anjioedema. Katika damu kuna protini inayodhibiti mambo kadhaa, na kwangu ni pungufu. Inapokosekana, mwili hutoa kwa wingi kemikali iitwayo bradikinini, na hiyo huifanya mishipa midogo ya damu ivujishe maji kwenye nyama. Leo unavimba mkono, mwezi ujao mdomo, mwezi mwingine utumbo. Uvimbe wa utumbo hauonekani kwa nje, ila maumivu na kutapika ni kwa kiasi kwamba wapo wagonjwa waliopasuliwa tumbo pasipo sababu. Usipotibiwa, uvimbe hukaa siku mbili hadi tano kisha hupungua wenyewe. Ukishika koo, hizo siku mbili huzipati.

Marehemu baba hakuzipata. Ilikuwa mwaka 1983, huko Karagwe tulikokuwa wakimbizi, nami nikiwa na miaka tisa. Asubuhi alikwenda kung'olewa jino. Jioni akapita kwa jirani, wakanywa rubisi. Usiku ulimi na shingo vikaanza kuvimba, sauti ikabadilika, na kabla ya mapambazuko alikuwa ameaga dunia. Hukumu ilitolewa msibani palepale: ametiliwa sumu. Yule jirani aliyempa kibuyu hakuwahi tena kualikwa popote. Watoto wake tulikatazwa kucheza nao, na baada ya miaka miwili familia ile ilihama.

Mwaka 2012 nilipimwa Ubelgiji baada ya kuvimba mara nyingi. Daktari aliniuliza kama kuna mtu katika ukoo aliyefariki kwa kuzibwa koo. Nilipomsimulia habari za baba, hakuuliza alikunywa nini. Aliuliza kama siku ile aliumia au alitibiwa meno. Kung'oa jino ni miongoni mwa mambo yanayojulikana sana kuamsha uvimbe wa koo kwa wagonjwa wa aina yetu, na huchukua saa kadhaa kabla ya kujitokeza. Niliondoka pale nikiwaza kibuyu cha rubisi.

Ndugu msomaji, uvimbe huu hauwashi na hauna vipele. Hapo ndipo unapotofautiana na mzio wa karanga au wa kuumwa na nyuki. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu, kwa sababu dawa za mzio, yaani piriton, sindano ya haidrokotisoni, hata adrenalini, haziuondoi. Mgonjwa hudungwa zote tatu, hakuna mabadiliko, na watu wa nyumbani wanazidi kuamini kuwa ni kazi ya mtu.

Dawa ninayobeba ni ikatibanti, na kwenye maboksi yangu imeandikwa Firazyr. Kazi yake ni kuizuia bradikinini isishike mahali inapofanyia kazi. Ulaya iliiidhinisha mwaka 2008, na mwaka 2011 Ulaya na Marekani zote ziliruhusu mgonjwa aliyefundishwa ajidunge mwenyewe. Ruhusa hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye biashara, maana uvimbe haungoji ufike kwenye hospitali yenye daktari anayeujua, na kadiri unavyowahi kudunga ndivyo unavyotulia mapema.

Kudunga kwenyewe hakuhitaji ushujaa. Bomba moja lina miligramu 30 katika mililita 3, dozi ya mtu mzima. Nanawa mikono, nakaa, nasafisha ngozi ya tumbo kwa spiriti, chini kidogo ya kitovu upande mmoja, mbali na kovu lolote. Nabana ngozi kwa vidole, naingiza sindano, nasukuma dawa polepole kwa nusu dakika au zaidi. Inachoma kama pilipili! Ngozi hapo huwa nyekundu na kuvimba, kisha hupoa. Kama uvimbe haujapungua vya kutosha, ya pili hudungwa baada ya saa 6, na kwa saa 24 hazizidi tatu. Nimemfundisha binti yangu pia, akitumia bomba tupu na chungwa, kwa sababu mkono wangu wa kulia ukivimba siwezi kubana chochote.

Septemba 2023 nilikuwa nyumba ya wageni Kahama, mchele ukiwa umekwisha kupimwa, mdomo wa juu ulipoanza kuwa mzito. Wenzangu wawili waliingiwa na hofu. Mmoja akatoka mbio kutafuta maziwa, kwani kwetu sote maziwa ndiyo huduma ya kwanza kwa aliyelishwa sumu. Nilijidunga, kisha nikamwomba dereva asiondoke na gari: sauti yangu ikikwaruza au nikishindwa kumeza mate, twende hospitali bila kujadiliana. "Lakini si umeshajidunga, mama?" aliuliza. Nikamweleza kwamba uvimbe wa koo ni safari ya hospitali hata baada ya sindano, kwa sababu unaweza kuhitaji kuwekewa mpira wa kupumulia. Baada ya saa mbili hivi mdomo ulianza kulegea. Maziwa waliyanywa wao.

Shida kubwa ya njiani ni joto. Dawa hii isizidi nyuzi 25, na isigande. Kahama mchana inazidi hapo bila taabu. Naiweka kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, pamoja na kifuko cha maji baridi kilichofungwa kitambaa, barafu isiiguse. Shida ya pili ni maswali. Nina barua ya daktari yenye mhuri, kwa Kifaransa na Kiingereza, na maboksi yana jina langu kama lilivyo kwenye hati. Afisa akiuliza, natoa barua kabla ya kutoa maelezo. Sindano iliyotumika narudi nayo ndani ya kopo gumu lenye kifuniko.

Bei sitaificha. Mume wangu bado anafanya kazi Ubelgiji na bima yake ndiyo inayolipa; kwa fedha ya mfukoni, sindano moja ingemeza mtaji wa wengi wetu. Marekani viwanda vingine viliruhusiwa kuitengeneza mwaka 2019, na Julai 2025 iliidhinisha sebetralstati, kidonge cha kwanza cha kumeza uvimbe unapoanza. Nakisubiri kwa hamu, hasa kwa sababu ya lile joto.

Asiye na uwezo huo bado ana la kufanya. Kipimo cha damu kiitwacho C4 huonyesha dalili za kwanza, na majibu yakiwa chini hufuatiwa na vipimo vya ile protini yenyewe. Hospitali isiyo na dawa hizi inaweza kutumia plazima ya damu, ambayo ndani yake mna protini inayokosekana. Dawa za shinikizo la damu ambazo majina yake huishia na "pril", kama captopril, enalapril na lisinopril, hazitufai, wala vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Mwambie daktari, abadilishe. Usiziache kimyakimya.

Inakadiriwa ugonjwa huu humpata mtu mmoja kati ya 50,000. Sensa ya Rwanda ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13, kwa hiyo hesabu ya kwenye karatasi inatupa wagonjwa kama 260. Mimi nawajua wawili, nikiwemo mimi mwenyewe. Kila mtoto wa mgonjwa, wa kike au wa kiume, ana nusu ya uwezekano wa kuurithi. Binti yangu alipimwa, hanao.

Mwaka 2018 nilimtafuta mjane wa yule jirani, nikampata Ngara. Nilimweleza habari za jino na za damu, nikamfungulia boksi. Aliligeuza mkononi kwa muda mrefu, kisha akaniambia niende nikawaeleze watoto wake, kwani yeye alijua siku zote. Nimekwisha kuwaeleza watatu. Wa nne anaishi Mwanza, na simu yangu hapokei.

Kwa upande wetu amebaki kaka yangu mkubwa, ambaye vidole humvimba kila mwaka na husema ni baridi. Ana watoto wanne, na jino lake moja linamsumbua. Nimemwomba asiling'oe kabla ya kupima C4. Amesema atafikiria.