Mchezo wa simu una kazi, ila hautibu peke yake

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hulazimika kurudia tendo moja, kama kunyoosha mkono, mara nyingi mno kabla mwili haujalizoea. Kumhimiza kwa maneno kunamchosha yeye na mzazi. Lakini akigusa kioo na puto likapasuka, atanyoosha mkono tena bila kubembelezwa. Mchezo humjibu papo hapo, haumkaripii akikosea, na ugumu wake hupanda kidogo kidogo. Mtoto mwenye usonji naye huweza kutulia kwa sababu jibu halibadilikibadiliki.

Juni 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mchezo wa EndeavorRx kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye tatizo la umakini. Hata hivyo, uliidhinishwa kama sehemu ya mpango mpana wa tiba. Hapa Tanzania, programu ya Kitkit School ilijaribiwa kwa Kiswahili katika vijiji vya Tanga, na mwaka 2019 ikawa miongoni mwa washindi wawili wa shindano la kimataifa. Waanzilishi wa kampuni iliyoitengeneza walianza kwa kutengeneza michezo ya kujifunzia ya watoto wenye mahitaji maalumu.

Tatizo ni kwamba ujuzi unaweza kubaki ndani ya kioo. Mtoto anapanga rangi vizuri kwenye simu, ukimpa vitu halisi anakwama. Kwa hiyo dakika 15 za mchezo zifuatwe na kazi ileile kwa mikono: achambue maharage ya rangi mbili kwenye ungo, nawe umeketi kando yake mkipokezana.

Lengo la mchezo lichaguliwe na mtaalamu. Kwa mfano, Iringa, kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003, kimekuwa kikitoa tiba ya viungo kwa watoto wenye ulemavu. Mbeya, shirika la Child Support Tanzania husomesha watoto hao pamoja na wenzao wasio na ulemavu. Mtoto akiwa na kifafa, mwulize mtaalamu kwanza, maana mwanga unaowaka na kuzima harakaharaka unaweza kuamsha degedege. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku.

Siku ya kliniki, usihesabu ngazi alizopanda kwenye mchezo. Mweleze mtaalamu kama sasa anashika kikombe chake mwenyewe.