Mwenye macho naye aambiwe tazama

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii tumeikariri tangu utotoni, tukaitungia insha na kuituza alama mitihanini. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba liko jambo moja ambalo mwenye macho sharti aambiwe tazama, tena aambiwe na mwalimu wake, nalo ni picha. Mtoto wa leo yamkini huona picha nyingi kwa siku moja kuliko kurasa anazosoma kwa juma zima. Huziona katika simu ya mzazi, kwenye mabango ya barabarani, magazetini na hata katika vitabu vya kiada. Herufi, silabi, sentensi na aya twamfundisha kuzisoma. Picha twamwachia ahangaike nazo peke yake, kana kwamba picha haina sarufi yake, au kana kwamba picha haiwezi kusema uongo.

Ipo nyumba moja barani Afrika ambayo imelipinga wazo hilo kwa zaidi ya miaka 30, nayo yastahili kutembelewa na kila mwalimu na mwanafunzi ajaliwaye kufika Johannesburg, Afrika Kusini. Nyumba hiyo huitwa Market Photo Workshop, na imo katika mtaa wa Newtown, palipokuwa na masoko ya jiji zamani. Jirani yake ni Market Theatre, ukumbi wa michezo ya kuigiza ulioanzishwa mwaka 1976 ndani ya jengo lililokuwa soko la matunda la Wahindi, na ambao uliwafungulia milango watu wa rangi zote wakati serikali ya Makaburu ilipowataka watengane. Katika nyumba hiyo ya picha mna mambo mawili ambayo kwingineko hutenganishwa: mna ukumbi wa maonyesho, na mna madarasa. Mgeni huingia kutazama picha zilizoning'inizwa ukutani, na chini ya paa lilo hilo vijana wanafundishwa jinsi picha kama hizo zinavyotengenezwa.

Mwanzilishi wake alikuwa David Goldblatt, mpigapicha aliyezaliwa mwaka 1930 katika mji wa migodi wa Randfontein na kufariki mwaka 2018. Aliianzisha mwaka 1989, ubaguzi wa rangi ungali sheria ya nchi, kwa nia ya kuwapa vijana, hususan wale walionyimwa nafasi kwa ajili ya rangi yao, ujuzi wa kupiga picha na wa kuzisoma. Hebu tuzingatie maana ya nia hiyo kwa wakati ule. Sheria ya mwaka 1952, ambayo kwa kejeli kubwa ilibeba jina la kufuta pasi, ilimlazimisha Mwafrika kutembea na kitabu chenye alama za vidole vyake na picha ya uso wake, na asipokuwa nacho alitiwa mbaroni. Sheria za pasi hazikuondolewa hadi mwaka 1986. Kwa watu wengi, basi, kamera ilikuwa chombo cha serikali cha kuwahesabu na kuwazuia. Kumkabidhi kijana wa kitongoji kamera hiyo hiyo na kumwambia, "Haya, sasa tuonyeshe wewe unachokiona," halikuwa jambo dogo.

Goldblatt mwenyewe alijua uzito wa kutazama bila kupiga kelele. Mwaka uo huo wa 1989 kilichapishwa kitabu chake kiitwacho The Transported of KwaNdebele, kuhusu wafanyakazi waliolazimika kuishi mbali na mji wa Pretoria na kusafiri kwa basi kila siku kwenda kazini. Mabasi ya kwanza yaliondoka kabla ya saa tisa za usiku. Picha zake zaonyesha watu waliolala wameketi, wengine wamesimama, vichwa vimeinama, giza limetanda madirishani. Hamna polisi, hamna damu, hamna bango la siasa. Hata hivyo, atakayezitazama kwa makini ataelewa ubaguzi wa rangi ulivyokuwa ukimla mtu usingizi wake, na kuelewa huko hakutapatikana kwa urahisi katika hotuba ndefu.

Msomaji aweza kuuliza: kwani pana tofauti gani kati ya jumba lenye madarasa na lile lisilo nayo? Tofauti ni kubwa. Katika majumba mengi ya sanaa mgeni hutembea kwa hofu, mikono mgongoni, akidhani kwamba picha zile zilishuka kutoka mbinguni na kwamba kazi yake ni kustaajabu tu. Wahenga walituonya: usione vyaelea, vimeundwa. Palipo na darasa, kuundwa huko hakufichiki. Mwanafunzi anayejifunza hujua kwamba mpigapicha alichagua mahali pa kusimama, akachagua ainame au apande juu ya kiti, akachagua nani aingie katika fremu na nani abaki nje. Hujua pia kwamba kati ya picha nyingi zilizopigwa siku hiyo, moja tu ndiyo iliyoteuliwa, na kwamba maneno machache yanayoandikwa chini yake yaweza kuigeuza maana yake. Ajuaye hayo hatadanganywa kwa wepesi.

Ili tusizungumze hewani, natuchukue mfano wa picha ambayo walimu wengi wa Historia wanaifahamu. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto, kitongoji cha Johannesburg, waliandamana kupinga amri ya kufundishwa baadhi ya masomo kwa Kiafrikana. Polisi waliwafyatulia risasi. Sam Nzima, mpigapicha wa gazeti la The World, alimnasa kijana Mbuyisa Makhubo akikimbia huku amembeba mikononi Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12 aliyepigwa risasi, naye Antoinette, dadake Hector, akikimbia kando yao. Nzima aliificha filamu yake ndani ya soksi isije ikanyang'anywa na polisi. Picha hiyo ilienea duniani kote, na kwa ajili yake Nzima aliandamwa hata akaiacha kazi ya gazeti.

Mwalimu aiweke picha hiyo mbele ya darasa na kuuliza maswali mepesi. Je, mwaona nini? Watajibu kwamba waona watoto watatu. Mwajuaje kwamba ni habari ya shule? Watamtazama dada yule na kuiona sare yake. Je, mkono wake ulioinuliwa na kinywa chake kilichofunuka vyasema nini ambacho uso wa Makhubo hausemi? Kisha lije swali lililo gumu kuliko yote: aliyepiga risasi yuko wapi? Hayumo. Mwenye bunduki yuko nje ya fremu, lakini kila kilichomo ndani ni kazi ya mkono wake. Mwanafunzi akilitambua hilo peke yake, amejifunza jambo litakalomfaa maisha yake yote, yaani kutafuta katika kila picha, na katika kila habari, kile ambacho hakikuonyeshwa.

Tunda la nyumba ile ya Newtown lajulikana. Jodi Bieber, aliyepata kusoma hapo, ndiye aliyepiga picha iliyotuzwa na shirika la World Press Photo kuwa picha bora ya mwaka 2010. Zanele Muholi, aliyehitimu hapo mwaka 2003, kazi zake zimeonyeshwa katika majumba makubwa ya ulimwengu, likiwemo Tate Modern la London. Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Lebohang Kganye, aliyemaliza masomo yake hapo mwaka 2011. Baada ya kufiwa na mama yake, Kganye alizichukua picha za zamani za mama huyo, akatafuta nguo zile zile alizovaa, akaenda mahali pale pale aliposimama, akapigwa picha kwa mkao ule ule. Kisha akaziunganisha picha mbili kuwa moja, hata mama na binti wakaonekana pamoja, mmoja kama kivuli cha mwenziwe. Mwaka 2024 Kganye alishinda tuzo ya Deutsche Börse, mojawapo ya tuzo kubwa za upigaji picha. Tuangalie alianzia wapi: hakuanza na mashine za bei ghali wala safari za mbali, alianza na albamu ya nyumbani kwao.

Na sisi Kenya je? Hatukosi vipaji wala historia. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kufariki katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara mwaka 1996, ndiye aliyeuonyesha ulimwengu njaa ya Korem, Ethiopia, mwezi wa Oktoba 1984, na picha zake zikazindua misaada isiyo na kifani. Huko Mombasa, katika miaka ya 1990, wapigapicha wa kivuko cha Likoni walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa ndege na meli, na mtu aliyekuja mjini kutafuta kibarua aliweza kusimama mbele yake na kuwatumia wazazi bara picha yake akiwa amependeza. Wapigapicha wetu wengi walijifunza kwa kujitahidi wenyewe au kwa kufuata mkubwa wa studio, wakabeba taa na kusafisha filamu katika chumba cha giza. Kilichoadimika ni mahali ambapo kijana wa kawaida angeweza kutazama na kufundishwa kwa wakati mmoja.

Kukosekana kwa mahali pa namna hiyo kuna gharama yake. Kwa miaka mingi mtoto wa Kiafrika amekuwa akipigwa picha na wageni, mara nyingi akiwa na njaa, nzi usoni, bila jina. Sisemi kwamba njaa hiyo ilikuwa ya uongo. Picha za Korem ziliokoa maisha ya watu. Nasema kwamba mtoto ambaye hajafundishwa kuuliza "nani amenipiga picha hii, kwa ruhusa ya nani, na kwa manufaa ya nani?" ataishia kujiona kwa macho ya wengine. Isitoshe, siku hizi mashine zaweza kutunga picha ya tukio ambalo halikutokea kamwe. Asiyejua kusoma picha ya kweli ataijuaje ya kubuni?

Najua walimu watakavyojibu. Watasema kwamba muda hautoshi, kamera hazipo, na mtihani hauulizi mambo hayo. Hoja hizo zina uzito. Hata hivyo, mtaala wa umilisi uliochukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 umeupa mkondo wa sanaa na michezo nafasi yake katika shule za upili za juu, na kusoma picha hakuhitaji kamera. Kwahitaji gazeti la jana, mkasi, na nusu saa. Mwalimu wa Kiswahili aweza kukata picha na kuyaficha maelezo yake, wanafunzi wayaandike wenyewe, kisha walinganishe na yaliyochapishwa. Mwalimu wa Historia aweza kuwaagiza walete picha moja ya babu au nyanya, waulize nyumbani ilipigwa wapi na kwa nini, na wasimulie darasani. Shule iliyo karibu na Nairobi, Kisumu au Mombasa iwapeleke wanafunzi kwenye maonyesho yanapotokea, lakini wasipitishwe mbio kama watalii. Kila mmoja aichague picha moja tu, akae nayo dakika 10, kisha aiandikie aya.

Serikali za kaunti nazo, ambazo zina kumbi na maktaba, zingefanya vyema kutenga ukuta mmoja kwa picha na chumba kimoja kwa mafunzo. Goldblatt hakusubiri hali iwe nzuri. Alianza katika nchi iliyojaa dhuluma, kando ya soko kuukuu. Sisi tuna amani zaidi kuliko aliyokuwa nayo, na vijana wetu wana kamera mifukoni mwao. Wanachokikosa ni mtu wa kuwaambia tazama, kisha awaulize wameona nini.