Bei ya kijibwa chotara si cheti cha afya

Je, mwanao anakusumbua umnunulie kijibwa chotara mwenye manyoya ya kujikunja? Kabla hujatoa maelfu yako ya shilingi, elewa unachonunua. Wauzaji wengi hutoa madai mawili: kwamba chotara haugui ovyo, na kwamba hamdhuru mtu mwenye pumu au mzio. Yote mawili ni ya kutiliwa shaka.

Labradoodle, chotara maarufu sana, alipata umaarufu wake huko Australia. Mwaka wa 1989, Wally Conron, aliyefanya kazi katika shirika la mbwa wa kuwaongoza vipofu, alipandisha Labrador na Poodle. Alikuwa akimtafutia mbwa mwanamke kipofu wa Hawaii ambaye mumewe alidhurika na manyoya ya mbwa. Walizaliwa watoto watatu. Manyoya na mate yao yalipopimwa, ni mmoja tu aliyefaa. Wale wengine wawili, ndugu zake wa tumbo moja, hawakufaa. Mwaka wa 2019 Conron alisema hadharani kwamba anajuta kuanzisha mtindo huo.

Kinacholeta mzio hasa si manyoya. Ni protini zilizo katika mate, mkojo na vigaga vidogo vya ngozi, na kila mbwa anazo. Ikiwa nyumbani kuna mgonjwa wa pumu, muulize daktari wake kwanza.

Na magonjwa ya kurithi je? Labrador na Poodle wote wanaweza kuwa na udhaifu wa nyonga na ugonjwa wa macho unaopofusha polepole. Wazazi wote wawili wakibeba ugonjwa huo wa macho, mtoto anaweza kuupata hata akiwa chotara.

Hatari nyingine ni kwa familia yako. Kijibwa huweza kupata minyoo akiwa tumboni au kupitia maziwa ya mamake. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi na kukaa mchangani. Mtoto akiyameza, minyoo michanga huweza kufika hata kwenye macho.

Jihadhari pia na kauli ya "amemaliza chanjo zote". Kwa kawaida chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kijibwa akifika miezi mitatu. Zile za kumkinga na parvo, maradhi ya kuhara damu yanayoua haraka, huendelea hadi karibu miezi minne. Kwa hivyo kijibwa wa wiki nane hajamaliza.

Ufanye nini basi? Kwanza, nenda umwone kijibwa na mamake mahali wanapoishi. Usitume pesa kwa simu kwa sababu ya picha. Pili, dai kadi ya chanjo yenye tarehe na sahihi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa, kisha mpigie daktari huyo. Tatu, uliza wazazi walipimwa nyonga na macho lini. Nne, mpeleke kijibwa kwa daktari unayemchagua wewe kabla ya kumaliza malipo.

Mbwa yeyote akimuuma mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, ni nadra sana mgonjwa kupona.

Muuzaji akikasirishwa na maswali yako, rudi nyumbani na pesa zako.