Neno Lililoacha Miguu Njiani

Msimu wa watalii ukifika, magari yenye paa la kufunguka hupita Voi yakielekea lango la Tsavo Mashariki. Waliomo ndani wako "on safari," na kwa Kiingereza chao wamesema sawa, ingawa hawatakanyaga ardhi isipokuwa mahali palipotengwa, maana ni marufuku kushuka garini hovyo. Anayetaka kutembea analazimika kuongeza neno: "walking safari." Mpagazi wa karne ya 19 angeshangaa sana kusikia hivyo, kwani alikuwa na safari gani nyingine?

Hapa ndipo wanafunzi wetu wanapojikwaa. Kwa Kiswahili, kwenda Mombasa kumwona shangazi ni safari. Kwa Kiingereza cha leo si "safari" hata kidogo, ni "journey" au "trip." Neno lao limebanwa kwenye wanyama na nyika.

Waingereza walilichukua kutoka kwa misafara ya pwani. Sisi tulikuwa tumelitoa katika Kiarabu, ambako mtu husafiri kwa ngamia au kwa jahazi vilevile. Lilipoingia bara lilishikamana na miguu, na sababu kubwa ilikuwa mbung'o: punda na farasi hawakudumu, hivyo mzigo ukakaa kichwani mwa mtu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, akiongozwa na Bwana Kheri, akapita nchi ya Wataita, na tarehe 11 Mei akaiona theluji ya Kilimanjaro. Njia nzima ilikuwa ya miguu, na umbali wake ulihesabiwa kwa mwendo wa siku. Palipokosekana maji, kama kwenye nyika ya Taru, msafara ulitelekeza: uliondoka mchana, ukalala njiani na kiu, ukayafikia maji kesho yake. Maana hiyo ya kutelekeza imetutoka kabisa, nami naisikitikia, kwa sababu kitenzi kimoja kilibeba saa, kiu na uchovu.

Nasi tulichukua neno letu kutoka kwa Waingereza. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto kwenye mpaka wa Taveta, Waingereza walianza mwaka 1915 kujenga reli kutoka Voi kuelekea huko. Pale reli ilipoishia, risasi na unga vilibebwa na watu wa "Carrier Corps," kikosi cha wapagazi. Midomo yetu ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Leo ukimtajia kijana Kariakoo atafikiria soko la Dar es Salaam, au Kariokor ya Nairobi, na ni wachache watakaomwambia kwamba lilikuwa jina la watu waliotembea. Mwalimu wa Taita Taveta anayo nafasi nzuri ya kulieleza darasani, kwa kuwa njia yao ilipita papo hapo, kutoka Voi kupitia Maktau hadi Taveta.