Usinunue Betri Kabla ya Kupima: Kwa Madereva na Mafundi wa Magari ya Safari



Kila msimu wa watalii unapofika, yaani kuanzia mwezi wa Juni, ofisi yetu ya chama hupokea malalamiko ya namna moja. Dereva amerudi kutoka Murchison au Kidepo na lile gari la kulala wageni, lenye hema juu ya paa, friji nyuma, na soketi za kuchajia simu na kamera. Huko porini friji ilizimika, nyama ikaharibika, wageni wakanuna, na asubuhi ya pili gari halikuwaka mpaka likasukumwa. Akifika Ntinda, tajiri anamwambia: wewe umeua betri, utailipa kwa mshahara. Betri mpya inanunuliwa, dereva anakatwa fedha, na safari inayofuata mambo yanakuwa yale yale.

Mimi kabla ya kufanya kazi ya chama nilikuwa fundi wa waya za magari. Shule yangu iliishia darasa la saba, na umeme nilijifunza nikiwa chini ya boneti. Kwa hiyo nitaeleza mambo kwa namna nilivyoyajua mimi, na mwenye elimu zaidi asinicheke. Neno langu ni kwamba katika magari haya betri husingiziwa mara nyingi. Umeme upo, lakini unapotea njiani, na dereva asiyeweza kuonyesha ulipopotea ndiye anayelipa.

Gari la kulala wageni huwa na betri mbili. Moja ni ya kuwasha injini. Ya pili ni ya nyumba, yaani friji, taa za hema, pampu ya maji na soketi. Kati ya hizo mbili pana rilei ambayo kazi yake ni kuziunganisha injini inapozunguka ili zote zipate chaji, na kuzitenganisha injini inapozimwa ili friji isinywe umeme wa stata. Basi gari likikataa kuwaka asubuhi baada ya friji kufanya kazi usiku kucha, uliza kwanza: kwa nini friji imefika kwenye betri ya injini? Ama rilei imeshikana haiachii, ama fundi aliyefunga friji aliichukulia waya kwenye betri ya mbele kwa sababu ilikuwa karibu. Hapo hata ukiweka betri mpya kila mwezi, zote zitakufa.

Huwezi kujua haya kwa macho. Yafaa kila dereva wa safari awe na mita ndogo ya kupimia volti. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na betri moja, na kuitumia ni rahisi kuliko kujaza fomu za geti la mbuga. Pima asubuhi kabla ya kugusa ufunguo, maana betri iliyotoka kuchajiwa sasa hivi hudanganya. Iache ipumzike saa kadhaa. Betri nzima ya volti 12 ya asidi iliyojaa huonyesha kama volti 12.6 au 12.7. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 imekwisha, na kuiacha katika hali hiyo siku nyingi ndiko kunakoiua kweli. Kisha washa injini upime tena. Ukiona kati ya 13.8 na 14.4, alternata inachaji. Ukiona 12.5 na haipandi, tazama mkanda, tazama waya nene inayotoka kwenye alternata, kabla hujamlaumu mtu. Ikipita 15, alternata inaichemsha betri na maji yake yatakauka. (Magari mapya yenye kompyuta hushusha chaji yenyewe wakati mwingine, kwa hiyo kwa hayo usikate shauri kwa kipimo kimoja.)

Sasa nieleze kisa kimoja. Dereva mmoja, mwanachama wetu, alirudi kutoka Kidepo akiwa amekwisha kukatwa nusu ya bei ya betri. Betri ile "iliyokufa" ilikuwa bado ipo gereji, imewekwa pembeni ya ukuta. Nikaomba ichajiwe usiku kucha. Kesho yake saa sita mchana nikaipima: 12.6. Tukaijaribu kwa mzigo wa taa muda mrefu, ikasimama. Tajiri akasema labda mita yangu mbovu. Nikamwambia, sawa, tuirudishe betri hiyo garini, tuwashe friji, tupime mahali pawili. Kwenye betri tukaona 12.5. Kwenye soketi ya friji, huko nyuma kabisa, tukaona 11.2.

Volti 1.3 zimekwenda wapi? Zimebaki ndani ya waya. Friji za namna hii zina kinga: zikiona volti zimeshuka mno zinajizima ili zisimalize betri. Friji ilikuwa inaamini kwamba betri imekwisha, kumbe betri ilikuwa imejaa.

Tukafuata waya. Aliyeifunga alitumia waya nyembamba ya milimita moja na nusu, ambayo ni ya kufaa redio. Kutoka betri hadi soketi ni kama mita 6, na umeme lazima uende na urudi, kwa hiyo ni mita 12. Waya ya namna hiyo ikibeba ampia 5 za friji hupoteza karibu volti 0.7. Waya ya milimita 6 kwa urefu ule ule hupoteza kama 0.2 tu. Hiyo ilikuwa nusu ya wizi. Nusu ya pili tuliipata kwenye bolti ya ethi: waya hasi wa friji ulifungwa kwenye bodi juu ya rangi, na chini yake kutu imeingia. Tukakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukafunga tena na kupaka grisi juu, tukabadili waya. Mita ikasoma 12.3 kwenye soketi, na friji ikafanya kazi mpaka jioni. Fedha za dereva zilirudishwa, ijapokuwa kwa mafungu mawili na kwa manung'uniko.

Jambo la ethi nalisisitiza kwa sababu barabara zetu za murram ndizo adui mkubwa. Mtikisiko hulegeza nati, vumbi huingia, kisha mvua, kisha kutu. Dalili zake huchanganya watu: ukiwasha taa za hema redio inazimika, au ukipiga indiketa taa nyingine zinapepesa. Namna ya kuikamata ni hii. Washa vitu vyote, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi. Ethi ikiwa nzuri mita itasoma karibu sifuri. Ikisoma nusu volti au zaidi, umempata mwizi. Fanya vile vile kati ya betri na injini wakati mwenzako anapiga stata.

Magari yetu mengi hupandisha paa ili wageni watazame wanyama. Waya za taa za paa hupita kwenye bawaba, na kila paa linapoinuliwa na kushushwa zinakunjwa. Baada ya miaka michache ganda la waya linapasuka na fyuzi inakatika, lakini inakatika paa likiwa juu tu. Nimeona fundi akitafuta shoti siku nzima huku paa limefungwa. Inua paa, tikisa waya kwa mkono, utaiona.

Na hapa naomba tuwe wakali sisi kwa sisi. Fyuzi ikikatika, kuna wenzetu wanaoizungushia karatasi ya fedha ya sigara, au kuweka fyuzi ya 30 mahali pa 10. Fyuzi ni waya dhaifu iliyowekwa makusudi ife badala ya gari. Ukiiondoa, kitakachoungua ni waya yenyewe, chini ya zulia, wageni wakiwa wamelala hemani juu na majerikeni ya dizeli yapo nyuma. Waya ya betri ya pili nayo lazima iwe na fyuzi karibu kabisa na betri, si huko mwisho karibu na friji, maana fyuzi inalinda waya iliyo mbele yake tu.

Wengine wameniuliza kuhusu betri inayoisha gari likiwa limelala tu gereji. Hapo kitu kinanyonya. Zima yote, funga milango, toa waya hasi wa betri na uweke mita ya ampia katikati, kati ya waya na kichwa cha betri. Usipige stata wala kuwasha taa kubwa mita ikiwa hapo, utaiunguza. Gari lililolala vizuri hunywa sehemu chache za mia za ampia. Ukiona nusu ampia, hesabu: saa 72 za Ijumaa hadi Jumatatu ni ampia-saa 36, zaidi ya theluthi ya betri ya 100. Chomoa fyuzi moja moja. Ile ukiichomoa mita ikashuka, ndiyo njia ya mwizi. Mara nyingi huwa ni inveta iliyoachwa imewashwa.

Inveta, ndiyo. Hiki ndicho kifaa wageni wanachokiharibu na dereva anachokilipia. Kamera na simu hazina shida. Lakini mgeni akichomeka mashine ya kukaushia nywele ya wati 1500, inveta itavuta ampia 125 na zaidi kutoka kwenye betri, na hakuna betri ya friji itakayovumilia. Mwambie mgeni kwa adabu siku ya kwanza, si siku ya tatu. Na friji yenyewe tuihesabu: ikivuta ampia 5 na kufanya kazi nusu ya muda kwa sababu ya joto, usiku wa saa 12 imekula ampia-saa 30. Betri ya 100 ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu. Basi gari likisimama kambini siku mbili bila injini wala sola, friji lazima izimike, hata dereva awe malaika. Anayepanga safari ndiye ajibu.

Kosa jingine lipo kwenye baadhi ya magari ya dizeli yaliyotoka Japani ya volti 24, yenye betri mbili za 12 zilizofungwa mfululizo. Mtu anataka volti 12 za friji, anachukua kutoka betri moja tu. Betri hiyo inashuka, lakini alternata haijui. Yenyewe inaona jumla ya volti 28. Iliyochoka inapata 13, isiyotumika inapata 15. Moja inakufa kwa njaa na mwenzake kwa kuchemka. Dawa ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, kinachochukua kutoka betri zote mbili.

Kuhusu usalama nitasema kwa ufupi tu. Vua pete na saa ya chuma. Ukifungua betri anza na waya hasi, ukifunga malizia na hasi, ili spana ikigusa bodi isitoe moto. Betri inayochajiwa hutoa hewa ya hidrojeni, nayo hulipuka; usiwashe sigara hapo. Ukipiga jampa, waya ya mwisho ya hasi ifunge kwenye chuma cha injini, mbali na betri. Asidi ikiingia jichoni osha kwa maji mengi yasiyopungua dakika kumi na tano, halafu hospitali.

Sasa upande wa mshahara. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inakataza makato ya mshahara isipokuwa yale ambayo sheria yenyewe imeyaruhusu, na inampa mfanyakazi haki ya kupewa karatasi ya mshahara inayoonyesha kilichokatwa na sababu yake. Tajiri hawezi kukaa mezani peke yake akaamua kwamba betri ni yako. Ukikatwa, lete karatasi hiyo ofisini, na tutakwenda pamoja kwa afisa wa kazi. Lakini nawaambieni ukweli, kesi ya mdomo mtupu ni ngumu. Usitie saini karatasi yoyote ya kukubali kosa kabla betri haijapimwa mbele yako.

Kwa hiyo chukua daftari la shule. Kabla hujatoka gereji, andika tarehe, volti za betri zote mbili zikiwa zimepumzika, volti injini ikizunguka, na volti kwenye soketi friji ikifanya kazi. Msimamizi atie saini. Akikataa, andika kwamba amekataa, na jina la fundi aliyekuwapo. Porini andika kila asubuhi. Ukirudi pima tena kabla ya kukabidhi ufunguo. Yule mwenzetu wa Kidepo hakuwa na daftari. Aliokolewa kwa sababu tu betri ya zamani ilikuwa haijauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wawili waliokuja baada yake hawakuipata bahati hiyo, na mpaka leo hatujaweza kurudisha fedha zao.

Ofisi ina mita moja ya kuazimisha. Anayeihitaji aje jioni kabla ya siku ya safari, aandike jina lake kitabuni, na airudishe ikiwa na betri yake ndani.